Tulimlaza Mama kwa Upendo

Shangazi alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. Beseni la maji ya moto lilikuwa sakafuni likifuka mvuke, taulo limelowekwa ndani, na chupa ya mafuta ya nazi imewekwa karibu na jiko la mkaa. Mwezi wa saba huku kwetu Uru, mlimani Kilimanjaro, mafuta ya nazi hayamiminiki. Yanakaa chupani meupe kama nta mpaka uyapashe moto. Mama alikuwa amelala chali, mguu wa kushoto umetolewa nje ya blanketi. Ilikuwa siku ya 19 tangu abadilishwe nyonga. Kigimbi cha mguu ule kilikuwa kimejaa, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na ukikibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

"Damu imelala," shangazi alisema. "Nikimkanda leo na kesho itaamka."

Yale maji niliyachemsha mimi.

Kabla hajakamua taulo, jirani yetu akaingia na chupa ya maziwa. Ni nesi mstaafu, amefanya kazi wodini miaka mingi. Alisalimia, akampa mama pole, lakini macho yake yalishatua mguuni. "Mama, naomba tusimkande kwanza," akamwambia shangazi kwa sauti ya chini. Kisha akanigeukia: "Una futi ya cherehani humu ndani?"

Nilimletea. Akapapasa mfupa uliochomoza kidogo chini ya goti, akashuka sentimita 10, akazungusha futi. Mguu wa kulia ulikuwa sentimita 34 na nusu. Wa kushoto, palepale, ulikuwa 39. Baadaye daktari alinieleza kwamba tofauti ikizidi sentimita 3 ni moja ya alama wanazozihesabu wanapomshuku mtu kuwa na bonge la damu kwenye mguu. Jirani hakuhesabu alama yoyote mbele yetu. Alirudisha mguu wa mama taratibu chini ya blanketi, akasema, "Tafuteni gari. Siyo bodaboda, gari. Na twende sasa hivi."

Ninaandika haya kwa sababu nyumba yetu haikuwa na uzembe. Tulikuwa watu sita tunaomhudumia mgonjwa mmoja. Kila tulichokosea tulikikosea tukiwa tumemshika mkono, na ninajua nyumba nyingi kuanzia Machame mpaka Marangu zinahudumia wagonjwa wao vilevile.

Mama ana miaka 68. Nyonga yake iliisha kama zinavyoisha za wanawake wengi wa huku mlimani, kwa miaka ya kupanda na kushuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alifikia mahali pa kushindwa kuvaa soksi na kulala kwa ubavu. Upasuaji ulipopatikana tulishukuru, na kwa kweli ulienda vizuri. Siku iliyofuata mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimsimamisha kando ya kitanda, akapiga hatua nne na fremu ya kutembelea. Jioni nesi alimdunga sindano ndogo kwenye ngozi ya tumbo. Siku ya tatu alitembea mpaka mwisho wa wodi. Siku ya tano akaruhusiwa.

Kuruhusiwa kwenyewe kulichukua dakika chache. Hospitali ile siitaji, kwa maana nia yangu si kumshitaki mtu. Lakini karatasi tuliyopewa ilikuwa kwa Kiingereza, mwandiko wa haraka, na aliyetukabidhi alisema tu, "Hizi atameza kila siku, msisahau kuja kutoa nyuzi." Kwenye karatasi paliandikwa dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 10, siku 35. Duka la dawa likatutajia bei. Kaka yangu akanitazama, nami nikamtazama. Tukanunua vidonge 10, tukisema vingine tutaongeza mwisho wa mwezi. Siku ya kumi ilipofika mama hakuwa na maumivu, kidonda kimekauka, uso una nuru. Nani angekumbuka kidonge cha mtu aliyepona? Hakuna aliyetuambia kwamba dawa ile haikuwa ya maumivu wala ya kidonda, kwamba ilikuwa ya kitu ambacho hakijatokea bado.

Huko nyumbani sasa. Mtu akitoka hospitali kwetu, heshima yake ni kulazwa. Wanawake wa jumuiya walikuja na mtori, na ndizi, na maziwa mgando, na kila aliyeingia alisema neno lilelile: pumzika mama, usijisumbue, umefanya kazi ya kutosha maisha yako yote. Tulimpelekea chakula kitandani na maji ya kunawa kitandani. Tulinunua ndoo yenye mfuniko ili asihangaike kutoka nje kwenda chooni, maana choo chetu ni cha shimo na mwenye nyonga mpya hatakiwi kuchuchumaa. Na mama mwenyewe, kwa kuona haya kutusumbua, akapunguza kunywa maji. Hili nililigundua baadaye. Jagi nililomjazia asubuhi nilikuwa nalikuta jioni karibu lilivyokuwa, nikafikiri hana kiu kwa sababu ya baridi.

Alikuwa anatembea mpaka mwisho wa wodi. Sisi tukamrudisha kwenye godoro.

Ili nieleze kilichotokea ndani ya ule mguu, nitatumia mfano alionipa jirani tukiwa njiani, kwa sababu ndio ulioniingia. Kila aliyekulia Uchagani anaijua mifongo, ile mifereji ya wazee inayoleta maji kutoka korongoni mpaka mashambani. Mfongo ukitembea, maji ni safi. Mfongo ukizibwa juu, baada ya muda mfupi majani yanatulia chini, tope linajikusanya, maji yanageuka rangi. Damu nayo iko hivyo, ila ina ugumu wa ziada: kutoka mguuni kwenda moyoni inapanda. Moyo unaisukuma kushuka, lakini kuirudisha juu kunategemea sana misuli ya kigimbi. Ndani ya vena za mguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Kila unapokanyaga, kigimbi kinakaza, kinaiminya vena, damu inaruka kilango kimoja; unapolegeza, kilango kinajifunga isirudi. Mtu akilala siku nzima, pampu hiyo imezimwa.

Daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow aliliandika jambo hili mwaka 1856, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa mambo matatu yanayobeba jina lake: damu inayokwenda polepole, ukuta wa mshipa ulioumia, na damu yenyewe kuwa tayari mno kuganda. Mtu anaweza kupata moja akapita salama. Upasuaji wa nyonga au goti unaleta yote matatu kwa pamoja. Mguu unapindwa na kuvutwa ili mfupa wa zamani utoke, na mishipa inaumia humo. Mwili unaona damu inamwagika, unaamrisha damu igande, na amri hiyo haifutiki siku ya kushonwa. Inaendelea kwa wiki kadhaa. Halafu mgonjwa analala. Ndiyo maana upasuaji huu unaogopewa kuliko pasuaji nyingi. Tangu mpasuaji John Charnley alipoanza kuweka nyonga bandia za aina iliyoenea duniani, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, bonge la damu linalokimbilia kwenye mapafu lilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo baada ya operesheni hiyo. Zamani watafiti walipowapiga picha za mishipa wagonjwa ambao hawakupewa kinga yoyote, walikuta mabonge kwa watu 40 mpaka 60 katika kila 100. Wengi wao hawakuwa na dalili hata moja na mabonge yao yaliyeyuka yenyewe. Lakini lile moja linalong'oka likapita moyoni na kuziba mapafu halikupi nafasi ya kujuta.

Na hapo ndipo penye kukanda. Bonge likiwa bado bichi, limeshika ukutani kwa upande mmoja tu. Mkia wake unaelea ndani ya damu. Mikono yenye nguvu ya shangazi yangu, iliyowakanda wazazi wa mtaa mzima, ingeweza kuukata ule mkia na kuusukuma juu. Mguu uliovimba baada ya upasuaji haukandwi, hauchuliwi, haupigwi kwa taulo la moto, mpaka mtu aliyeupima aseme ni salama. Ningependa sentensi hiyo iandikwe kwenye kila karatasi ya kuruhusiwa, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Kukanda ni jambo letu zuri, silidharau. Lina mahali pake na siku zake. Hapa sipo pake.

Hospitalini mama alipimwa kwa altrasaundi. Nilisimama kando nikiangalia kioo. Mpimaji alipaka jeli kwenye paja, akawa anakibonyeza kile kifaa kila baada ya sentimita moja au mbili. Alinionesha: kuna duara mbili nyeusi, ateri, ule mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, na vena. Akibonyeza, vena yenye afya inajikunja mara moja, inapotea, kama mpira wa baiskeli usio na upepo. Alishuka, akabonyeza, ikapotea, akashuka, ikapotea. Nyuma ya goti akabonyeza, duara likabaki duara. Akabonyeza tena kwa nguvu kidogo. Likabaki. Hakusema kitu, aliandika tu, lakini mimi nilikuwa nimeshaona.

Kuna takwimu moja iliyonitoa usingizi nilipoisoma baadaye. Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa wa California waliobadilishwa viungo, na kati ya waliopata mabonge yenye dalili baada ya nyonga, takriban robo tatu yaligunduliwa wakiwa wameshatoka hospitali. Kwa nyonga, siku ya katikati, yaani ile ambayo nusu ya mabonge yaligunduliwa kabla yake na nusu baada yake, ilikuwa ya 17. Kwa goti ilikuwa ya 7. Yaani kipindi cha hatari, hasa kwa nyonga, hakiangukii kwa daktari. Kinaangukia kwako, wewe unayepika uji na kumbadilishia mto. Mama yetu alifika siku ya 19, na sisi tuliamini hatari iliisha siku alipopita geti la hospitali.

Kuhusu dawa, nitasema nilichojifunza, ila anayechagua ni daktari wako kwa sababu anapima pande mbili: damu kuganda upande huu, kidonda kuvuja upande ule. Kuna sindano za tumboni za enoksaparini. Kuna vidonge kama rivaroksabani, ile aliyoandikiwa mama, ambayo kwa kawaida hutolewa siku 35 baada ya nyonga na wiki mbili hivi baada ya goti. Na kuna aspirini, ambayo watu huidharau kwa kuwa ni rahisi. Katika utafiti wa Kanada wa mwaka 2018 wenye wagonjwa 3,424, wote walianza na rivaroksabani siku 5, kisha nusu wakaendelea nayo na nusu wakahamia aspirini ya kipimo kidogo. Matokeo yakawa karibu sawa: waliopata bonge lenye dalili walikuwa chini ya mtu mmoja kati ya 100 kila upande. Lakini huko Australia, utafiti wa mwaka 2022 wenye wagonjwa zaidi ya 9,000 uliweka aspirini peke yake dhidi ya enoksaparini, na waliopata mabonge yenye dalili ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 3.45 kwa aspirini na 1.82 kwa sindano. Kwa hiyo ukisikia daktari wa Arusha ameandika hivi na wa Moshi ameandika vile, usidhani mmoja hajui kazi. Wanaangalia mgonjwa: umri, uzito, kama amewahi kupata bonge, kama ana saratani, kama anatumia dawa za homoni, kama ana vidonda vya tumbo.

Kitu cha kumwambia daktari mapema, kabla ya operesheni, ni uwezo wa mfuko wako. Sisi tulinyamaza kwa aibu. Tungesema, "Daktari, vidonge hivi 35 hatutaviweza," angeweza kutupangia njia nyingine ya bei nafuu inayofika mwisho. Dawa ya bei kubwa iliyokatika siku ya kumi haikumlinda mama siku ya 19. Nimelirudia hili mara nyingi kwa ndugu zangu na bado linaniuma.

Jambo lingine la kusemwa mapema. Kitanda cha pili alilazwa mama mmoja wa Majengo, Mwislamu, na binti yake aliniuliza kwa kunong'ona kama ni kweli sindano zile zinatokana na nguruwe. Ni kweli. Heparini na ndugu yake enoksaparini hutengenezwa kutoka kwenye utando wa utumbo wa nguruwe. Yule binti alikuwa amesikia kwa watu na mama yake alikuwa anafikiria kuzikataa kimyakimya. Nesi alilichukua kwa uzito unaostahili: aliwaeleza kwamba dharura ina hukumu yake katika dini yao na wakitaka wamuulize shehe wao, kisha akamwita daktari, kwa sababu zipo dawa nyingine zisizotoka kwa mnyama huyo, na rivaroksabani ni mojawapo. Kukataa kimyakimya ndiyo hatari. Swali likiulizwa wiki moja kabla ya upasuaji lina majibu mengi kuliko likiulizwa usiku wa manane wodini.

Mama alianzishiwa matibabu: sindano kwa siku kadhaa, sambamba na warfarini, ambayo aliimeza kwa miezi 3. Warfarini ni dawa ya zamani na inataka subira. Damu inapimwa kila mara kwa kipimo wanachokiita INR, na kwa mgonjwa wa bonge inatakiwa isimame kati ya 2 na 3; chini ya hapo damu bado inaganda, juu ya hapo inaweza kuvuja. Wiki ya pili alikuja mgeni, akasikia jina la dawa, akasema mbele ya mama kwamba hiyo ni sumu ya panya. Mama akaacha kumeza siku hiyohiyo. Akakificha kidonge chini ya mto.

Nilikaa naye nikamweleza habari nzima, maana kumwambia "si kweli" ingekuwa uongo. Miaka ya 1920 kule Marekani na Kanada ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa damu. Ukimkata pembe, ukimhasi, damu haikomi. Ikaonekana walikuwa wamekula majani makavu ya klova, mmea wa malisho, yaliyopata ukungu. Mwaka 1933 mkulima wa Wisconsin alifika kwenye maabara ya mwanakemia Karl Link akiwa na ng'ombe aliyekufa na kopo la damu isiyoganda. Maabara ile ikatafuta kilichomo kwenye majani mpaka ikakipata, na kutoka hapo ikazaliwa warfarini. Ni kweli ilianza kuuzwa kama sumu ya panya, mwaka 1948. Miaka michache baadaye ikawa dawa ya binadamu, na mwaka 1955 alipewa Rais Eisenhower wa Marekani alipougua moyo. Mama, aliyefuga ng'ombe maisha yake yote na anayejua majani yenye ukungu yanavyomfanya ndama, alisikiliza habari ya klova kwa makini kuliko ya rais. Akauliza, "Kwa hiyo ni kipimo tu?" Nikasema ni kipimo tu, ndiyo maana wanatoa damu kila wiki. Akaingiza mkono chini ya mto, akanirudishia kidonge.

Kwa warfarini kuna suala la mboga za majani. Zina vitamini K, inayovuta upande wa kuganda. Mama anapenda mnafu kuliko nyama, na mtu alishamwambia asiuguse tena. Ushauri tuliopewa ulikuwa mwingine: ale kama alivyozoea, kiasi kilekile wiki hata wiki, asije akaacha kabisa kisha akala sufuria nzima Jumapili. Vidonge vingine kama rivaroksabani havina sharti hilo. Kilichokatazwa kwa zote ni zile dawa za maumivu tunazonunua dukani kama pipi, diklofenaki na ibuprofeni, isipokuwa daktari mwenyewe aseme, kwa kuwa zinaongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni. Dawa za mizizi vilevile, mwambie daktari unachokunywa. Na choo kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukiwa mwekundu, kidonda kikianza kuvuja, au mgonjwa akianguka na kugonga kichwa, hakuna kusubiri asubuhi.

Hakuna kusubiri pia kwa dalili za mapafu. Pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, kukohoa damu, kizunguzungu cha kuanguka. Watu wetu husema "nimonia" au "presha imepanda," wanamlaza wakampepea. Ndani ya miezi 3 ya kubadilishwa kiungo, mtu akikosa pumzi ghafla peleka hospitali na useme mlangoni: huyu amefanyiwa upasuaji wa nyonga tarehe fulani.

Sasa niseme kilichobadilika ndani ya nyumba, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Jirani alikuja siku mama aliporudi mara ya pili, akatuondolea ndoo. Akamwita fundi seremala wa pale barabarani, akamwelekeza kiti cha mbao chenye tundu, kirefu cha kutosha ili mama akikaa magoti yasizidi nyonga, kikawekwa juu ya choo. Safari ya chooni ikarudi kuwa safari, hatua 22 kwenda na 22 kurudi, na sasa maji anakunywa bila haya. Chakula kikahamia mezani. Mgeni akija na mtori, mama anaukuta sebuleni, anatembea kuufuata na fremu yake. Wa kwanza kulalamika alikuwa shangazi, aliyeona tunamtesa ndugu yake. Jirani hakubishana naye. Alimpa kazi: kila baada ya saa moja ya mchana, yeye ndiye wa kumnyanyua mama na kuzunguka naye mgomba wa kwanza mpaka wa tatu. Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu kuliko sisi sote.

Halafu rozari. Akiwa kitandani, mama alitakiwa kupandisha na kushusha nyayo mara nyingi ili kigimbi kikaze na kulegea, na alikuwa anasahau. Jirani, Mkatoliki mwenzake, akamwambia: katika kila Salamu Maria, nusu ya kwanza vuta vidole vya miguu kuelekea kwako, nusu ya pili visukume mbali. Rozari moja ni Salamu Maria 50. Mama husali rozari alfajiri na usiku. Nilipita mlangoni saa kumi na moja asubuhi, giza bado, nikasikia sauti yake ya chini, na chini ya blanketi nikaona miguu yote miwili ikiinama na kuinuka pamoja na sala. Nilisimama pale mpaka fumbo la tano.

Kulikuwa na komunyo ya mjukuu wake Dar es Salaam, mwezi wa pili baada ya operesheni. Alitaka sana kwenda. Basi la kutoka Moshi linakalisha mtu saa nane na zaidi, magoti yamekunjwa, na kushuka Mombo au Korogwe kwa dakika chache tu. Daktari alisema hapana, na kaka yangu ndiye aliyepewa kazi ngumu ya kumwambia. Alilia. Walimpigia simu ya video wakati wa misa, akavaa kitenge chake kipya, akaitazama misa nzima akiwa amesimama na fremu.

Ile futi ya cherehani haikurudi kwenye kikapu cha nyuzi. Inaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda, na chini yake kuna daftari la shule la kurasa 48. Kila jioni mama hupima vigimbi vyote viwili, sentimita 10 chini ya ule mfupa, anaandika kwa mwandiko wake mkubwa: kushoto, kulia. Ukurasa wa kwanza unasema 39 na 34 na nusu. Ukurasa wa tisa unasema 35 na 34 na nusu, na hapo pamekaa muda mrefu.

Shangazi naye amepangiwa goti, mwezi wa kumi na moja. Wiki iliyopita alikuja na daftari jipya na kalamu. Akakaa kwenye benchi la nje, mama akiwa pembeni yake anamsomea, akanakili yote: idadi ya vidonge, bei yake, tarehe ya mwisho kumeza, namba ya simu ya wodi, hatua za kwenda chooni. Alipofika kwenye mafuta ya nazi aliinua kichwa akauliza kama na hilo aliandike. Mama akamwambia aliandike la kwanza. Shangazi akafungua ukurasa wa mwanzo, juu kabisa palipobaki nafasi, akaliandika.